Miguu Huja Mwisho

Ninyi vijana mna hasira za karibu. Juzi nilikuwa stendi ya Ngara nangoja gari la kunirudisha Mabawe, kijana wa bodaboda kaegemea pikipiki yake anaitukana simu kwa maneno ambayo mimi siwezi kuyaandika. Nikadhani kafiwa. Kumbe kuna kiduara kinazunguka kwenye kioo, picha ya shati aliyotumiwa na mwenzake haijafunguka. Kiduara kilizunguka muda wa mtu kupiga chafya na kujifuta, shati likatokea, na lilikuwa shati baya.

Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyekaa jirani akasogeza kikapu chake kando. Angejuaje kwamba miaka mingi nilikula kwa kazi hiyo hiyo, ya kukaa mbele ya kompyuta na kuwaambia watu picha imefika wapi? Ilikuwa kazi kweli, yenye benchi, foleni na bosi mbaya. Waliniita Mama Picha, na hata leo wapo watu sokoni wasiojua kwamba naitwa Veneranda.

Basi nimeamua kuwaandikia. Shule yangu iliishia darasa la nne, upande wa pili wa mpaka, Burundi, tena darasa lenyewe lilikuwa na nusu paa. Mkikuta sentensi imepinda, inyosheni wenyewe, mikono mnayo. Na wenye makosa nitawataja kwa majina. Watu huniambia, Mama, samehe. Nimesamehe. Ila sijaona popote imeandikwa kwamba ukisamehe usahau na jina la mtu.

Miaka ile ya wakimbizi, kambi yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Ngara kwenda Biharamulo. Watu walivuka mpaka kwa kukimbia, na mtu anayekimbia hasimami kuuliza mkono alioushika ni wa nani. Ukakuta mama yuko kambini Ngara, mtoto yuko kituo cha watoto upande wa Biharamulo, na hakuna anayejua kama mwenzake anapumua. Shirika moja, ambalo silitaji kwa sababu waliokosea walikuwa watu na si mabati ya ofisi, likaleta kompyuta. Watoto wakapigwa picha kule kituoni, picha zikatiwa kwenye disketi, na disketi zikaletwa na gari ndani ya bakuli la chakula lenye kifuniko, maana vumbi la njia ile lilikuwa linakula kila kitu. Mama anakaa kwenye benchi, mimi nafungua picha, yeye anatazama kama ni wake.

Ukisikia hivyo unaona rahisi. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa na mgongo mkubwa kama tanuri la mkate, na picha moja ilifunguka kwa muda wa kumenya ndizi za watu wa nyumba nzima. Chini ya kioo palikuwa na mstari mtupu unaojazwa rangi ya buluu kutoka kushoto, na pembeni yake namba za asilimia. Mimi nilikuwa msomaji wa mstari huo.

Aliyenifundisha ni Mzee Pankrasi. Huyu alikuwa na studio ya picha Ngara mjini zamani za picha za mkanda, akisafisha picha mwenyewe ndani ya chumba cha giza, na vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi kwa dawa. Walimwajiri kwa sababu walisikia neno "picha". Kompyuta hakuwahi kuigusa, lakini alinifundisha kitu ambacho hakuna mwingine aliyenifundisha.

Siku ya kwanza mstari ulijaa mpaka mwisho, asilimia mia, na kioo kikabaki cheupe kama shuka la Komunyo. Nikasema, mzee, imekufa. Akaniuliza, "Ukishaleta mikungu ya ndizi nyumbani, una pombe?"

"Sina, mzee."

"Una nini?"

"Nina ndizi."

"Basi. Mstari ule unahesabu mikungu. Kuivisha, kukamua na kuchuja, hauhesabu."

Shikeni hilo, maana hata simu zenu ziko hivyo, zinaficha tu. Kwanza mashine inabeba picha kutoka kwenye disketi, na wakati ule ulikuwa unaisikia, krrr, krrr, kama jiwe linasaga ulezi. Mstari unakwenda. Ukifika mwisho panakuwa kimya, na hapo kazi kubwa ndiyo inaanza: mashine inafumbua ilichokibeba, inageuza namba kuwa rangi. Ndizi ziko shimoni. Mtu mwenye haraka hapo ndipo anapobonyeza vitufe. Huyo ni sawa na anayefukua shimo la urwagwa, pombe yetu ya ndizi, kila dakika aone kama ndizi zimeiva. Pombe hapati, anapata ndizi zenye udongo, na kompyuta inazimia aanze tena kubeba mikungu kutoka bondeni.

Sasa utajuaje kama mashine inafanya kazi au imekufa kweli? Kuna kitaa kidogo mbele yake. Mstari unaweza kudanganya, unaruka mpaka tisini kwa kishindo halafu unakaa hapo kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama. Kitaa hakijui kudanganya. Kikipepesa, subiri. Kikizima na ubavu wa mashine ukapoa, mwite Deusi.

Deusi ni wa kwanza katika majina yangu. Alikuwa mtu wa jenereta. Dizeli ya ofisi iliingia kwenye jenereta kama tone la dawa ya macho, nyingine ikaenda kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yake. Alikuwa na ulimi wa kubadilisha herufi, kama wengi wetu huku, na kila umeme ukikatika alisema vilevile, kwa huzuni kubwa: "Injini imerara." Tukamwambia Deusi, injini hailali mchana, wewe ndiye unayeilaza. Anacheka. Mnene, mzuri wa sura, mwizi.

Zile asilimia nazo zilinitesa, hasa siku ambazo mashine ilianza kufumbua huku bado inabeba, picha ikishuka pamoja na mstari. Ukimwambia mama aliyetembea kutoka Muyinga "asilimia thelathini", atakuuliza thelathini ya nini, na ana haki. Wengi walidhani ni namba za undugu, kwamba kompyuta inapima mtoto ni wako kiasi gani. Mzee mmoja alikuja na mkewe, wakakaa, kipara cha mtoto kikaanza kushuka kwenye kioo. Kufika sitini mstari ukasimama. Mzee akasubiri, akasubiri, halafu akamgeukia mkewe taratibu.

"Sitini ni zangu," akasema. "Zile arobaini ni za nani?"

Mstari ulipofika mia alimwomba mkewe radhi, lakini mke aliondoka mbele na kanga kichwani, mume nyuma akimwita kwa majina yote ya ubatizo. Tangu siku hiyo nikaachana na namba. Nikawa nasoma mwili. "Tuko kwenye paji." "Tuko nyusi." "Tumefika puani, mama, kaa vizuri." Kila mtu akanielewa. Na yakifika macho, mama alikuwa anaisalimu picha, maana kwetu huwezi kutazamana na mtu usoni ukanyamaza. Hata akiwa si wako unamwambia mwaramutse, halafu ndiyo unasema si wangu. Nimeona wamama wakiwasalimu watoto wa watu wengine asubuhi nzima, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja.

Lakini uso ulikuwa hausaidii sana. Kule kituoni watoto wote walinyolewa kipara kwa ajili ya chawa, wote walivalishwa mashati ya aina moja, wote walishikishwa kibao cha namba kifuani. Nusu ya juu ya picha zote ilikuwa kama mayai kwenye kikapu kimoja. Na mtoto hubadilika sura. Uliyempoteza akinyonya unamkuta ana meno. Mzee Pankrasi alishaliona hilo studio kwake. Alisema uso mtu anaupanga anapoona kamera, lakini miguu hakuna anayekumbuka kuipanga. Kwa hiyo kanuni yetu ikawa moja: hakuna kusema wangu wala si wangu mpaka picha ifike chini. Kichwa kinaweza kuwa cha mtoto yeyote, miguu mama anaijua. Tabu ni kwamba miguu huja mwisho, na mwisho ndipo watu wanapochoka.

Kulikuwa na picha za namna nyingine zilizotoka kwenye kamera ya mzungu fulani. Hizo hazikushuka kutoka juu. Zilikuja zote kwa mkupuo, nzima, lakini zimejaa ukungu kama bonde letu asubuhi, halafu zinatakata hatua kwa hatua. Hizo niliziogopa kuliko nyoka. Ndani ya ukungu kila mtoto ni wako. Mama anaona kivuli cha kichwa, moyo unamalizia kilichobaki, na picha ikitakata analia msiba wa pili. Nikawa nafunika kioo kwa kitenge changu mpaka kitaa kitulie. Watu wakacheka kwamba Mama Picha anaivika nguo kompyuta. Wacheke.

Mimi mwenyewe nilivuka na mdogo wangu Emanueli. Nilikuwa nimemshika. Kila kipara kilichoshuka kwenye kioo kile nilikitazama kwanza kwa haja yangu, halafu ndipo nikamwachia mama wa watu. Hakuja. Tuendelee.

Jina la pili ni Fulgensi, mkuu wa ofisi yetu ndogo. Alikuwa na diploma, na kalamu zimepangwa mfukoni kama risasi. Kambi nzima ilimwita Tisini na Tisa, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukimaliza: alijenga choo cha ofisi bila mlango, akaanzisha kwaya bila sauti ya nne, akachumbia muuguzi wa kituo cha afya mpaka muuguzi akaolewa na mtu mwingine. Yeye hakulijua jina hilo. Fulgensi alichukia foleni. Ilikuwa inamchoma kuiona, si kwa huruma, bali kwa sababu wageni wa shirika wakija waliiona kwanza kabla ya kumwona yeye.

Alinikataza kusema "tuko puani". Alisema ofisi siyo bucha. Akachukua neno la Kizungu lililokuwa linaandikwa kwenye kioo, akalitafsiri mwenyewe kwa fahari, akalibandika mlangoni kwa herufi kubwa: SUBIRI, INAPAKIA.

Leo simu zenu zimejaa neno hilo na hamshtuki. Lakini pale kambini kupakia kulikuwa na maana moja tu, malori. Watu walikuwa wameshawaona majirani zao wakipandishwa, kwa hiari na bila hiari, na turubai likishushwa. Ukisema fulani amepakiwa, watu wanaanza kugawana sufuria zake. Wasiojua kusoma hawakulijali bango, na wanaojua walipita wakitazama pembeni. Nilimweleza Fulgensi. Akasema lugha ni lugha.

Ndipo akaja Konsolata. Alikuwa msusi wa mikeka, mwembamba, mkali wa mdomo, anayesimama mlangoni kwanza akiikagua ofisi kama anayeinunua. Walipovuka karibu na Murusagamba, binti yake Dafroza alikuwa mgongoni kwa jirani. Jirani alipatikana, mgongo ukiwa mtupu. Tangu hapo Konsolata alikuwa ametazama picha nyingi kuliko mtu yeyote niliyemfungulia, na kila mara alisema si wangu kwa sauti ya mtu anayerudisha nyanya mbovu sokoni.

Siku hiyo disketi mpya ilikuwa imefika. Msichana mmoja kwenye disketi alikuwa amepewa jina la Furaha pale kituoni, kwa sababu alipookotwa hakujua kutamka lake. Konsolata akakaa kwenye benchi. Karibu naye, akingoja zamu, alikaa mama aitwaye Anjelina, mpole, aliyekuwa amejiandikisha kurudi Burundi na msafara wa Ijumaa. Anjelina naye alitafuta binti wa umri uleule. Nikaanza kufungua. Kipara kikatoka, paji likatoka, macho yakatoka. Konsolata akasalimu, halafu akasogea mbele mpaka pumzi yake ikakipa kioo ukungu. Mstari ukagoma kwenye arobaini.

Sikuwa nimewahi kumwona akisogea mbele.

Fulgensi alikuwa nyuma yetu. Akaona foleni imesimama, akataka kumtuliza mama wa watu kwa Kiswahili chake cha ofisini.

"Mama, tulia. Mtoto wako anapakiwa."

Konsolata akageuka. "Anapakiwa?"

"Ndiyo. Yuko arobaini. Bado kidogo atamalizika."

Wallahi naandika alivyosema. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Konsolata alitoka pale mlangoni kama jiwe la manati, kiatu kimoja kikabaki chini ya benchi, na tukamsikia anakimbilia upande wa malori huku analiita jina la binti yake. Nilitaka kumfuata, Fulgensi akasema kila mtu akae mahali pake pa kazi.

Halafu akatazama benchi, akamwona Anjelina anatazama kioo.

"Na wewe je," akamuuliza. "Huyu si wako?"

Anjelina akayatazama yale macho muda mrefu. Nami namwelewa, sitakaa nimtaje kati ya wenye makosa. Akasema polepole kwamba macho yanafanana. Nikasema tusubiri miguu. Fulgensi akasema hakuna cha miguu, arobaini inatosha, hata yeye kuna mitihani aliyofaulu kwa alama hiyo hiyo, na mbona yuko hapa? Ndiyo, tulikuwa tunamwona. Akagonga muhuri, akafunga picha, akaagiza msichana aletwe Ijumaa mapema apande lori na mama yake. Foleni ikapungua mtu mmoja. Alifurahi kama aliyeua chui.

Konsolata alirudi kesho yake, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amepanda kila lori lililoegeshwa, akifunua maturubai, mpaka walinzi wakamwona kichaa. Nikampa kiatu chake, nikamweleza kwa lugha yetu maana ya ile "kupakiwa". Akasikiliza mpaka mwisho, akakivaa kiatu, akaniambia kwamba aliyelitunga neno hilo apewe shamba la mawe. Halafu akamwendea Fulgensi.

Fulgensi alimwambia kwamba picha ile imeshatambuliwa, ina mwenyewe.

"Nimesikia," Konsolata akasema. "Basi nifungulie nimwone mtoto wa mwenzangu."

"Mama, hapa siyo sinema."

"Nilifika machoni nikaondoka. Nimeacha kumwangalia mtu katikati. Kwetu hatufanyi hivyo."

Akakataa. Konsolata hakupiga kelele. Alikaa chini pale mlangoni, akanyoosha miguu, akatoa ukindu akaanza kusuka. Hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila kumruka, na kumruka mama mtu mzima nani ataanza? Foleni ikajaa mpaka barabarani. Ingekuwa siku nyingine wangemsema, lakini kila mmoja wao alikuwa anangoja picha yake, na kila mmoja alishaelewa kwamba picha yake inaweza kupata mwenyewe mwingine ikiwa bado puani. Mmoja akaita kutoka nyuma, "Tisini na Tisa, fungua picha." Fulgensi akatoka nje akauliza Tisini na Tisa ni nani. Hakuna aliyemjua.

Aliyetusaidia ni Anjelina mwenyewe. Alikuja akiwa na bahasha yake ya safari na kigauni kidogo alichoshona kwa ajili ya binti. Akasimama kando, akasikia mambo yote. Uso ulimshuka. Halafu akamwambia Fulgensi afungue, kwa sababu kama ni wake miguu haitamkimbia.

Tukafungua. Tulifika tumboni, kwenye kibao cha namba, umeme ukakatika.

Deusi akaja na huzuni yake. "Injini imerara."

Nadhani alitazamia tucheke. Mama mmoja kwenye foleni akasema kwamba jana aliisikia dizeli ya ofisi ikisaga mahindi sokoni, na ilikuwa na sauti nzuri. Wengine nao wakasema waliisikia. Wakamzunguka, wakamshika mikono huku na huku, wakamsindikiza kama bwana harusi mpaka kwenye mashine ya shemeji yake, tena wakiimba. Lakini shemeji alikuwa amefunga amekwenda Biharamulo, atarudi asubuhi. Ikabidi tungoje Ijumaa, siku ya msafara.

Ijumaa malori yalianza kunguruma mapema. Tuliyasikia kutoka ofisini, madereva wanapasha injini, vipaza sauti vinasoma majina. Gari la kumfuata msichana Biharamulo, lililozuiwa tangu jana kwa ugomvi huo, lilikuwa limewashwa nje, dereva ameshika usukani, linangoja tu kuambiwa mama wa mtoto ni nani. Akinamama wakamrudisha Deusi na dumu kichwani, amelowa jasho. Jenereta likaamka.

Nikaweka disketi. Krrr, krrr. Mstari ukatembea, ukafika mwisho, kioo kikawa cheupe. Kimya. Lori la kwanza likapiga honi. Nikaona mkono wa Fulgensi unakuja kwenye vitufe, mkono wa mtu mwenye haraka. Sikubishana naye. Nilikichukua kibodi kizima nikakiweka mapajani, nikakifunika kwa kitenge, na mwanamume mwenye diploma hawezi kupapasa mapaja ya mke wa mtu mbele ya foleni.

Kitaa kilikuwa kinapepesa.

Kipara kikatoka. Paji. Nyusi. Macho yalipofika, Konsolata na Anjelina walisalimu pamoja, kwa sauti moja, wakatazamana kidogo. Pua. Mdomo umefungwa kwa hasira. Shati, kibao, mikono. Lori likapiga honi tena na jina la Anjelina likasomwa kwenye kipaza sauti. Hakugeuka. Magoti yakatoka, yana makovu, lakini nani hana? Muundi. Halafu miguu ikashuka kipande kwa kipande, na ikaonekana imekaa ovyo: wa kulia umepanda juu ya wa kushoto, vidole vimekumbatia vidole, kama kuku anayesinzia kwenye mti.

Konsolata akaguna. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechokozwa.

"Mtazameni mtu asiye na adabu. Nilimkataza kusimama hivyo. Nilimkataza mpaka nikachoka."

Nilitazama chini. Foleni nzima iliyokuwa imechungulia dirishani ilitazama chini. Konsolata alikuwa amesimama, mguu wa kulia juu ya wa kushoto, vidole vimekumbatia vidole. Mwenyewe hakujua.

Fulgensi ndiye aliyesema, maana hakuwahi kuacha kimya kiishe chenyewe. Akamwambia Anjelina kwamba alishakubali, alishasema ni wake, na muhuri umegongwa.

Anjelina alikuwa anakunja kile kigauni, kidogo, kidogo zaidi.

"Uliniuliza macho," akasema. "Nikakujibu macho. Huyu ni wake."

Dereva akaambiwa jina la Konsolata, gari likaondoka kwenda kumchukua Dafroza. Fulgensi alikwenda chumbani kwake akafunga mlango. Nasikia baadaye alipandishwa cheo, akapelekwa mahali penye foleni ndefu zaidi, na bila shaka aliipunguza. Deusi alinunua pikipiki. Ndivyo dunia inavyogawa, na mkiona naandika kwa uchungu, mmeona sawasawa.

Lori la Anjelina lilipiga honi ya mwisho. Honi hiyo huitika mwilini, mtu hawezi kuisikia akakaa. Yeye alikaa. Alirudi kwenye benchi, akaweka bahasha ya safari chini ya paja, akaniambia kama mtu anayeagiza chumvi:

"Fungua nyingine, dada."

Malori yakatoka. Vumbi likaingia dirishani, likatua kwenye kioo, nikalifuta kwa kiganja. Nikabadilisha disketi. Konsolata alikuwa ameshafika barabarani, mahali ambapo lile gari lingetokea jioni, na nilidhani atakaa pale pale mpaka litokee, mimi ningekaa. Lakini nilisikia viatu vyake vinarudi. Akasimama mlangoni, akaikagua ofisi kama anayeinunua, akaja mpaka kwenye benchi.

"Sogea," akamwambia Anjelina. Akakaa. "Na leo usimwambie mtu yeyote neno mpaka vidole viishe kutoka. Nitakushika mdomo mwenyewe."